Je, mwimbaji mzuri ni lazima apande juu?

Wengi tumekua tukisikia kwamba mwimbaji hodari ni yule anayepanda juu kabisa na kupaza sauti mpaka ukumbi utikisike. Asiyeweza hayo hakujaliwa sauti. Imani hiyo ina chanzo kinachoeleweka. Zamani, mwimbaji alilazimika kusikika juu ya ngoma na ala nyingine kwa nguvu ya pumzi yake tu.

Tangu miaka ya 1920, maikrofoni ya umeme ilipoingia kwenye kurekodi, mtu anaweza kuimba kama anayenong'ona na bado akasikika vizuri. Kimo cha sauti, yaani uzito au wembamba wake, nacho hutokana sana na maumbile: nyuzi za sauti zilizo ndefu na nene hutetemeka polepole, ndiyo maana wanaume wengi wana sauti nzito. Hicho ni kipimo cha koo, si cha ufundi. Ufundi uko katika kuipata noti sawasawa, kwenda na mapigo, kutawala pumzi na kutamka maneno yakaeleweka. Kwenye taarabu, neno likimezwa, fumbo zima limepotea! Na hayo yote hufundishika, ingawa wapo wanaoyashika haraka kuliko wengine.

Jaribu mwenyewe. Jirekodi kwa simu ukiimba ubeti mmoja wa wimbo unaoupenda, kwanza kwa kimo chake, kisha ukiushusha mpaka koo lisikaze. Usisikilize papo hapo. Subiri hadi kesho, kisha mwombe mtu mwingine azisikilize zote mbili na akuambie ni katika rekodi ipi amesikia maneno yote.