Kiribatumbo kwa wavulana wa sekondari: anzia kitandani, sahani ifuate

Shati la shule likianza kumbana kijana, wa kwanza kulaumiwa nyumbani ni chipsi mayai. Zina lawama yake. Lakini kwa mwanafunzi wa Dar es Salaam anayewahi daladala saa 11 alfajiri, swali la kwanza ni jingine: analala saa ngapi?

Mwenye miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Anayeamka saa 10:30 alfajiri ilitakiwa awe amelala tangu saa 2:30 usiku, na muda huo wengine ndiyo kwanza wanatoka tuisheni. Akiweka simu chini saa 6, anaambulia saa nne na nusu. Si ukaidi mtupu: balehe yenyewe huchelewesha usingizi kuja. Mwili uliokosa usingizi huweza kuongeza grelini, homoni ya njaa, na kupunguza leptini, ile inayouarifu ubongo kwamba akiba ya nishati ipo. Njaa hiyo haitamani mchicha.

Asubuhi anatoka bila kula. Mapumziko ya saa 4 yakifika ni maandazi na soda. Chupa ya mililita 350 ina takribani gramu 37 za sukari, yaani vijiko 9 vya chai, na haimshibishi. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa iwe chini ya asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana chini ya asilimia 5, ambayo kwa anayekula kalori 2,000 ni gramu 25. Mchana akisinzia ananunua kinywaji cha kuongeza nguvu. Nusu ya kafeini yake huweza kuwa bado imo mwilini saa tano baadaye, basi na usiku huo hasinzii mapema. Kwenye lebo tafuta gramu za sukari kwa mililita 100. Zikiwa 11 na chupa ni ya mililita 500, hiyo ni gramu 55. Gawanya kwa 4, upate karibu vijiko 14.

Marekebisho yaanze usiku. Chakula kiliwe mapema, begi na sare viandaliwe kabla, simu ichajiwe sebuleni kuanzia saa 3. Mayai mawili yachemshwe jioni, asubuhi ayale na kiazi kitamu au muhogo wa kuchemsha. Chupa ya maji iwe ndani ya begi, kwani anayekwenda kununua maji shuleni huweza kuishia kununua soda. Chipsi si lazima zipigwe marufuku. Mara moja kwa wiki, pamoja na kachumbari, zinatosha. Kumbuka kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kalori kama 120, na chipsi mayai hupitia mafuta mara mbili.

Viwanja vya chandimu vimejengwa nyumba, lakini dakika 60 za kutoka jasho kila siku zinaweza kugawanywa: kushuka kituo kimoja kabla, kuruka kamba, pushapu, kuchota maji.

Usimpime kwa chati ya watu wazima. Gawanya kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, upate BMI, yaani uzito kulingana na urefu. Mvulana wa miaka 15 mwenye kilo 64 na mita 1.60 anapata 25. Kwa mtu mzima huo ndio mpaka wa uzito kuzidi. Kwa umri wake uzito umezidi tangu 22.7, na kiribatumbo huanza juu ya 27. Mcheza mpira mwenye misuli anaweza kuonekana amezidi bure, kwa hiyo pima na kiuno: kisifike nusu ya urefu wake. Kwa anayeendelea kurefuka, mara nyingi lengo ni uzito usimame, urefu uufikie. Asifungishwe kula.

Weusi mnene kama mahameli shingoni huashiria insulini, homoni inayoratibu sukari mwilini, haifanyi kazi vizuri. Apimwe sukari na shinikizo la damu. Kukoroma huku pumzi ikikatika nako kunahitaji daktari. Linalopuuzwa zaidi ni goti. Mvulana mnene anayechechemea na kulalamikia goti lisilovimba huenda tatizo liko nyongani, ambako kichwa cha mfupa wa paja kimeteleza kwenye sehemu inayokua. Kuchua hakusaidii. Asikanyagie mguu huo, na apelekwe siku hiyohiyo penye eksirei, nyonga zote mbili zipigwe picha.