Kuchora jengo kwa kufuata mmea: yanayosemwa na yaliyo kweli

Dhana: Jengo lililotokana na mmea lazima lifanane na ua au jani.

Ukweli: Nenda ufuoni Dunga, hapa Kisumu, uombe ukatiwe bua moja la mafunjo. Lipapase: lina pembe tatu, si duara. Likate. Nje utakuta ganda la kijani, jembamba na gumu. Ndani kumejaa nyama nyeupe nyepesi kama sponji. Ugumu umewekwa pembezoni, ndiyo maana bua refu kupita mtu huinama kwa upepo wa ziwa kisha likasimama tena. Anayelielewa hilo ataweka chuma cha nguzo yake pembeni na kuacha katikati wazi, na jengo lake halitafanana na mafunjo hata kidogo. Wamisri wa kale walichonga nguzo za mahekalu kwa umbo la mafunjo. Zinapendeza, lakini jiwe lilibaki na uzito wake.

Dhana: Bila kompyuta huwezi.

Ukweli: Joseph Paxton alikuwa mtunza bustani Uingereza. Mwaka 1849 alimsimamisha bintiye mdogo juu ya jani la yungiyungi kubwa la Amazon, likambeba. Siri ilikuwa mbavu zilizo chini ya jani, na fundisho hilo akalitumia kwenye jumba la vioo na chuma la maonyesho ya London ya 1851. Mchoro wa kwanza aliuchora kwenye karatasi ya kukaushia wino.

Dhana: Kompyuta hubuni yenyewe.

Ukweli: Hufuata kanuni uliyoipa. Kwenye alizeti, kila mbegu huchipuka takriban digrii 137.5 kutoka kwa iliyotangulia. Iandikie programu kanuni hiyo, itakupangia matundu elfu ya ukuta kabla chai haijapoa. Kwamba matundu hayo yataingiza jua kali la saa tisa alasiri, haitajua usipoiambia.

Dhana: Ni mambo ya wenye pesa.

Ukweli: Blender, programu ya kuchora maumbo kwenye kompyuta, ni ya bure. Gharama huanzia kwa fundi. Niliwahi kuchora paa lililopinda kama jani la mgomba, nikamwonyesha fundi kwenye simu. Akalizungusha kwa kidole, akanyamaza, kisha akaokota kipande cha bati na kukikunja. Upande mmoja kilikubali, wa pili kikagoma.

“Injinia,” akaniuliza (wote huniita hivyo), “sasa hii nikunje wapi?”

Nikarudi kuchora.