Vita inaleta pesa? Sawa, ila mfukoni kwa nani

Kila vita ikianza huko duniani lazima umsikie mtu kijiweni anasema vita ni dili, nchi inatajirika. Hili linaniuma, kwa sababu sisi Watanzania tunajua kabisa ilivyokuwa.

DHANA: Anayeshinda ndo anafaidika.
UKWELI: Jamani si tulishinda sisi! Amin kavamia Kagera Oktoba 1978, Aprili 1979 jeshi letu liko Kampala, halafu ikawaje? Gharama inatajwa kama dola milioni 500, nchi maskini, na mwaka huohuo mafuta yakapanda bei dunia nzima baada ya mapinduzi ya Iran. Mwalimu akasema tufunge mikanda miezi 18, miezi ikaisha mikanda bado imebana, mama anasimulia alikuwa anatoka Magomeni alfajiri kuwahi foleni ya duka la kaya, sukari ukibahatika kilo moja, sabuni hamna, wanafulia majani ya mpapai. Uchumi ulishaanza kuyumba kabla, sikatai, ila vita ndo ilitumaliza nguvu.

DHANA: Marekani ilitajirika kwa vita ya pili ya dunia.
UKWELI: Viwanda vyao havikupigwa mabomu, ndo tofauti. Waingereza nao walishinda, lakini mgao wa chakula uliendelea mpaka 1954 na mkopo waliochukua Marekani 1946 wamekuja kumaliza kuulipa Desemba 2006. Na kombora likishalipuka limeisha, sio kama trekta ambalo mwakani litalima tena.

DHANA: Ya Ukraine hayatuhusu.
UKWELI: Urusi na Ukraine ni wauzaji wakubwa wa ngano duniani na sisi ngano nyingi tunaagiza nje. Vita ikapandisha na bei ya mafuta, Mei 2022 petroli hapa Dar ikapita shilingi 3,000 kwa lita, mpaka serikali ikatoa ruzuku ya bilioni 100. Mwaka huohuo ExxonMobil, kampuni ya mafuta ya Marekani, wakapata faida ya karibu dola bilioni 56, hawajawahi kupata kiasi hicho. Hao ndo waliovuna, wao na wauza silaha, kwa sababu visima na viwanda walikuwa navyo tayari, bei ikipanda wao wanapokea tu. Mama muuza maandazi mtaani kwetu yeye aliogopa kupandisha bei wateja watamkimbia, akawa anakata donge dogo, watoto wanaoenda shule wakawa wanashiba na mawili badala ya moja, na hela ya la pili wengi hawana.