Kabla ya Ziwa Tanganyika Kufunguliwa: Chombo, Nyavu na Nyaraka

Ziwa Tanganyika, lililofungwa kwa shughuli za uvuvi tangu tarehe 15 Mei 2024 kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, lilipangwa kufunguliwa tena tarehe 15 Agosti 2024. Katika mialo, yaani sehemu za kupandishia vyombo ufukweni, ya Kigoma, Katavi na Rukwa, maafisa uvuvi walikuwa wakiulizwa zaidi saa ya kuingia ziwani kuliko hali ya vyombo vitakavyoingia, jambo lililotutia wasiwasi.

Chombo cha mbao kilichokaa nchi kavu miezi mitatu ya kiangazi hakiko tena katika hali kiliyokuwa nayo kilipopandishwa. Mbao zimekauka na kusinyaa, pamba imelegea kwenye mishono, na misumari iliyoanza kupata kutu mwezi Mei sasa haishiki. Tunawaomba wamiliki wasianze na rangi, kwa kuwa rangi mpya huficha mshono uliofunguka hata kwa macho ya mkaguzi. Chombo kikalafatiwe kwanza, yaani mishono yake izibwe kwa pamba, kishushwe kwenye maji ya kina kifupi ili mbao zinywe maji na kubana, kisha kiangaliwe kinavujia wapi kabla ya kufungwa injini. Kwa vipe, yaani vyombo vya mitumbwi iliyounganishwa pamoja, miti inayounganisha mitumbwi na kamba zake ikaguliwe moja baada ya nyingine, kwa sababu Agosti bado ni msimu wa kusi, upepo wa kutoka kusini, na mawimbi yake hupima kila fundo.

Nyavu zilizohifadhiwa huharibiwa na panya, na zilizoachwa juani hudhoofika bila kuonyesha dalili. Zivutwe kwa mikono sehemu mbalimbali kabla ya kushonwa. Wapo wanaodai kwamba timba, yaani nyavu za uzi mmoja wa plastiki, ni halali kwa kuwa inauzwa dukani. Si kweli, na hoja hiyo haijawahi kumsaidia mtu yeyote mbele ya sheria. Timba na kokoro, yaani nyavu za kukokota hadi ufukweni, vimekatazwa na Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009, zilizotungwa chini ya Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003, na anayekutwa navyo hukamatwa pamoja na zana zake, zana huwa kielelezo, na mahakama inaweza kuamuru ziteketezwe.

Kuhusu nyaraka, usajili wa chombo ni jambo moja, leseni ya chombo cha uvuvi ni jambo la pili, na leseni ya mvuvi mwenyewe ni la tatu. Mwenye moja hana zote. Ukaguzi wa usalama wa vyombo vidogo, unaosimamiwa na TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania), ni jambo jingine tena, na leseni ya uvuvi haiuondoi. Mwombaji hupewa kumbukumbu namba ya malipo, hulipa benki au kwa simu, kisha hutunza stakabadhi. Fedha taslimu asikabidhiwe mtu yeyote mwaloni, hata kama ni afisa anayefahamika. Aliyenunua chombo wakati ziwa limefungwa ahakikishe umiliki umebadilishwa kwenye kumbukumbu za usajili, kwa maana hati ya mauziano iliyoandikwa baina ya watu wawili haitoshi.

Jaketi okozi liwepo kwa kila aliyemo chomboni, naye alivae. Tunasikia mara kwa mara kwamba mtu aliyezaliwa ziwani anajua kuogelea. Usiku, katikati ya ziwa, kukiwa na upepo, ustadi huo hauwezi kumfikisha ufukweni, na familia zinazobaki zikisubiri zinalijua hilo kuliko sisi.

Hakukuwa na sababu ya kugombania usiku wa kwanza. Mwezi mpevu uliangukia tarehe 19 Agosti 2024, na kila mvuvi wa dagaa anajua kwamba taa za kuvutia samaki hazivuti kitu wakati wa mbalamwezi. Giza lilikuwa lirejee mwishoni mwa mwezi huo, hivyo mmiliki ambaye chombo chake kilikuwa bado kinavuja tarehe 15 alikuwa na zaidi ya wiki moja ya kukirekebisha bila kupoteza samaki wa maana.