Nyumba ya nani? Konrad II, ukoo wa Wasalia na jumba lililobomolewa Pavia

Kaisari Heinrich II, aliyetawala Ujerumani na Italia, alifariki tarehe 13 Julai 1024 huko Grona, Saksonia, bila kuacha mtoto. Habari ilipofika Pavia, mji wa kale wa wafalme wa Italia ya kaskazini, wenyeji walilivamia jumba la mfalme lililokuwa ndani ya kuta za mji wao, wakalibomoa hadi jiwe la mwisho la msingi. Jumba lile lilikuwa la fahari. Ilisemekana lilijengwa na Theoderic, mfalme wa Wagothi, na baadaye Kaisari Otto III akalipamba. Watu wa Pavia hawakusukumwa na hasira peke yake. Walitaka asitokee tena mfalme wa kuweka makao katikati yao.

Mwaka uliofuata wajumbe wao walikwenda Konstanz kumwona mfalme mpya, Konrad II. Walikuja na hoja, na hoja yenyewe haikuwa nyepesi. Tumemkosea nani? walisema. Kaisari wetu tulimtumikia mpaka alipokata roho. Alipokufa hatukuwa na mfalme. Sasa mtu atatushitaki vipi kwamba tumebomoa nyumba ya mfalme wetu?

Konrad aliwakubalia nusu. Ni kweli, alijibu, nyumba ya mfalme wenu hamkuibomoa, maana siku ile hamkuwa na mfalme. Lakini hamwezi kukana kwamba mlibomoa nyumba ya kifalme. Mfalme akifa ufalme hubaki, kama chombo kinavyobaki mshika usukani wake anapoanguka. Nyumba zile zilikuwa za umma, hazikuwa za mtu binafsi.

Nimeisoma na kuifundisha historia ya Ulaya ya Zama za Kati kwa miaka mingi, na jibu hilo bado hunisimamisha. Tuko mwaka 1025. Ufalme hauna katiba wala mji mkuu. Mfalme anatawala akiwa juu ya farasi, leo yuko kwa askofu huyu, kesho katika jumba jingine, akila akiba ya kila mahali anapofikia. Na bado mtu huyu, ambaye hakujua hata kusoma, anakitenganisha kiti na aliyekikalia.

Aliyetuhifadhia maneno hayo ni Wipo, kasisi wa mfalme, aliyeandika matendo ya Konrad baada ya kifo chake na kumtunukia kitabu mwanawe, Heinrich III. Huenda aliyanyoosha kidogo. Waandishi wa enzi hizo hawakuona aibu kufanya hivyo. Lakini mimi naamini hoja ni ya Konrad mwenyewe, kwa sababu matendo yake yanaifuata. Neno la Kilatini alilotumia Wipo ni *regnum*, na hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko lugha nyingi. Neno letu “ufalme” hubeba nchi, cheo na utawala kwa pamoja, sawasawa na *regnum*. Kazi ya Konrad ilikuwa kuliondoa neno hilo mwilini mwa mtu mmoja.

Alihitaji kufanya hivyo, maana yeye mwenyewe hakuzaliwa mrithi. Kwa damu alikuwa kilembwe wa Kaisari Otto I, kupitia Liutgard binti yake, lakini ukoo wake, huu wa Wasalia, ulikuwa wa watu wa Worms na Speyer, na mali zake hazikuwa nyingi. Tarehe 4 Septemba 1024 wakuu wa nchi walikutana Kamba, ukingoni mwa mto Rhine ng'ambo ya Oppenheim, wamchague mfalme. Wagombea wenye nguvu walikuwa wawili, na wote waliitwa Konrad: wana wa ndugu wawili. Wipo anasimulia kwamba walijitenga kando, wakazungumza faragha, wakakubaliana kuwa atakayeshindwa hatampinga mwenzake, kisha wakabusiana mbele ya umati. Aribo, Askofu Mkuu wa Mainz, alipiga kura ya kwanza, akamtaja Konrad mkubwa. Mimi naona mizani ilielemea kwake kwa sababu alikuwa na kitu ambacho Heinrich II alikikosa na ambacho binamu yake hakuwa nacho bado: mtoto wa kiume, Heinrich, wa miaka sita.

Siku nne baadaye, akiwa njiani kwenda kuvikwa taji Mainz, alizuiwa na watu watatu wenye malalamiko: mkulima wa shamba la kanisa, yatima, na mjane. Wakuu walimhimiza aharakishe, ibada inamsubiri. Akasimama pale pale njiani, akawasikiliza mmoja mmoja. Kwa Wipo, hapo ndipo ufalme ulipoanza, kabla ya mafuta matakatifu kumgusa kichwani.

Nisimfanye malaika, hata hivyo. Ernst, mtawala wa Swabia, jimbo la kusini mwa Ujerumani, alikuwa mtoto wa mkewe Gisela kwa mume wa awali, na aliasi zaidi ya mara moja. Mwaka 1027, huko Ulm, Ernst aliwategemea watu wake wamfuate kwenye uasi. Wakamjibu kwamba wao ni watu huru, na mlinzi mkuu wa uhuru wao duniani ni mfalme. Wakimwacha mfalme kwa ajili yake, uhuru wao umekwisha. Ni hoja ile ile ya Konstanz, safari hii imetoka vinywani mwa watawaliwa. Mwaka 1030 Ernst alirudishiwa Swabia kwa sharti la kumsaka rafiki yake Werner kama adui. Alikataa kumsaliti, akauawa pamoja naye Agosti mwaka huo huo. Konrad alipopata habari alisema mbwa wenye kichaa ni nadra kuzaana. Kila ninapofika hapo namkumbuka Gisela.

Mengine ya utawala wake nitayapita haraka. Alivikwa taji la ukaisari Roma siku ya Pasaka, 26 Machi 1027, mbele ya Knut wa Uingereza na Denmark na Rudolf III wa Burgundia. Rudolf alipofariki, Konrad akautwaa ufalme wa Burgundia mwaka 1033, na Dola lake likawa na falme tatu: Ujerumani, Italia na Burgundia. Pavia ilisalimu amri mwaka 1027, baada ya mashamba yake kuharibiwa, lakini jumba halikujengwa tena ndani ya kuta. Mwaka 1037, akiwa ameuzingira Milano, alitoa sheria iliyowalinda watumishi wadogo wa kijeshi wasinyang'anywe ardhi zao bila hukumu, na watoto wao wazirithi.

Alifariki Utrecht tarehe 4 Juni 1039. Matumbo yake yalizikwa huko huko, mwili ukapelekwa Speyer, kwenye kanisa kuu alilolianzisha yeye mwenyewe. Kaburi lilipofunguliwa mwaka 1900, alikutwa na taji la shaba, jepesi, la maziko tu, limeandikwa kwa Kilatini kwamba yeye ni mkulima wa amani na mfadhili wa mji. Nilikaa nalo muda mrefu nilipoliona Speyer. Jina “Wasalia” halimo. Ukoo wake ulianza kuitwa hivyo baadaye.

Baada yake alikuja Heinrich III, kisha Heinrich IV, yule aliyesimama kwenye baridi nje ya ngome ya Canossa, Italia, Januari 1077 akiomba msamaha wa Papa, kisha Heinrich V. Huyu wa mwisho naye alifia Utrecht, tarehe 23 Mei 1125, na matumbo yake yakazikwa kwenye kanisa lile lile. Naye hakuwa na mtoto halali wa kumrithi. Miaka 101 ikaisha kama ilivyoanza.

Mali ya ukoo ikaenda kwa mpwa wake, Friedrich wa Swabia, kilembwe wa Konrad II kupitia Agnes, binti ya Heinrich IV. Ufalme ukaenda kwa Lothar wa Saksonia. Lakini katika karne nzima ardhi ya ukoo na ardhi ya kiti zilikuwa zimechanganyika, na hapakuwa na aliyejua mpaka uko wapi. Mwishoni mwa mwaka huo, huko Regensburg, Lothar aliwauliza wakuu wa nchi: ardhi iliyotwaliwa kwa hukumu kutoka kwa maadui wa mfalme ni ya mfalme binafsi au ya ufalme? Wakajibu kwamba ni ya ufalme. Friedrich alitakiwa kurudisha. Alikataa, na vita vikaendelea karibu miaka 10.