Kikwazo si kila kinachokuzuia

“Kikwazo, kizuizi, pingamizi: yote mamoja.” Dhana hii naikuta hata kwa watu wanaokula kwa kalamu, na kamusi nazo zimeichochea kwa kupenda kueleza neno moja kwa jingine.

Ukweli uko mguuni. Kukwaa ni kugonga mguu kwenye jiwe au mzizi ukapepesuka. Kukwaza ni kumfanya mtu akwae. Tia ki- mwanzo na -o mwisho, kama kizibo kilivyotoka kwenye kuziba na kifuniko kwenye kufunika, unapata kikwazo. Kwa hiyo aliyepata kikwazo bado yumo njiani. Pengine ukucha umeng'oka, lakini njia ipo.

Kizuizi ni habari nyingine. Ni lile boriti la polisi barabarani: likishushwa, gari halipiti. Ndiyo maana mtu huwekwa kizuizini. Hujasikia amewekwa kikwazoni. Pingamizi nalo lina mdomo, sharti awepo anayelitoa. Wakili huweka pingamizi la awali, mgombea huwekewa pingamizi na mpinzani wake. Mvua haiweki pingamizi. Ikikuchelewesha kufika shamba ni kikwazo. Ikibeba daraja, hapo sawa, sema kizuizi.

Wapo wanaodai kuwa “vikwazo vya kiuchumi” ni tafsiri mbovu, kwamba ingefaa kusema vizuizi. Sikubaliani nao. Chukua Burundi. Julai 1996 Pierre Buyoya alitwaa madaraka kwa mapinduzi, na mwisho wa mwezi huohuo viongozi wa nchi jirani, waliokutana Arusha, wakaamua kuiwekea vikwazo. Vikaja kusitishwa Januari 1999. Kati ya hapo bidhaa za misaada ziliruhusiwa na magendo yakapenya mipakani, huku bei zikimuumiza mwananchi. Nchi ilikwazwa sana, lakini haikuzibwa ikazibika. Aliyechagua neno hilo alilijua.

Halafu kuna wanaokunja uso wakisoma gazetini “akwaa ubunge”. Wanasema kukwaa ni kujikwaa tu, basi huyo mbunge ameanguka? Ukurasa wa michezo wa gazeti hilohilo utasoma timu “yakwaa kisiki”, na hakuna anayechanganyikiwa. Kinachofuata kitenzi ndicho kinachoamua kama ni heri au shari. Mimi kichwa cha habari cha namna hiyo hakinisumbui, ingawa kwenye barua rasmi ningeandika “amepata”.

La mwisho ni dogo. “Kama nimekukwaza, nisamehe” wengi huliona ni lugha ya walokole. Kanisani limezoeleka kweli, ila maana ya kuudhi ilipanda kutoka kwenye kisigino kilekile. Katika Biblia ya Kiswahili, Walawi 19:14 inakataza kumtilia kipofu kwazo mbele yake. Hapo hakuna aliyenuniwa. Ni kitu kimewekwa njiani, na mtu asiyeona anakuja.