Kutu ya ndani na rangi ya lulu: msasa na kodi (namba) ya rangi havitoshi

Wengi huamini kwamba rangi ikivimba juu ya tao la tairi, dawa ni msasa, puti (kijazio cha bodi), na rangi iliyochanganywa kwa kodi ya gari, yaani namba ya rangi yake ya kiwandani. Sivyo. Malengelenge hayo mara nyingi ni kutu iliyoanzia upande wa ndani, pale matope yanapokaa kwenye mkunjo wa bati. Ukipiga puti juu yake, unyevu unaendelea kula kwa nyuma, na puti yenyewe hufyonza maji.

Kata hadi bati safi, sentimita 2 au 3 kupita kutu inayoonekana. Chomelea bati la milimita 0.8 kwa nukta fupi, ukiruka huku na huku. Ukichomelea mfululizo litajikunja. Praima ya epoksi (rangi ya msingi ya kukinga bati) kwanza, kisha puti isiyozidi milimita 3. Nta ya kukinga upande wa ndani wa bati ipulizwe mwisho kabisa, maana ikitangulia huungua kwenye kuchomelea na kuharibu rangi.

Sasa rangi. Nyeupe ya lulu ya Toyota, kodi 070, ina tabaka tatu: nyeupe ya chini, lulu inayopitisha mwanga, na kliya (vanishi angavu ya juu). Kodi haikwambii lulu ipulizwe mara ngapi, na mkono mmoja (mpulizo mmoja kamili) zaidi hubadilisha rangi. Pulizia kadi ya majaribio yenye mikono 1, 2, 3 na 4, ipake kliya, uilinganishe na gari juani, si chini ya taa ya gereji. Lulu ififishwe taratibu hadi paneli ya jirani, yaani kipande cha bodi kinachofuata. Kliya ifunike paneli zote mbili nzima.